Mikono ya Wifi na Sumu ya Nyuki

Mtaani kwetu walimwita Mama Panya, naye akaitika. Nilimwuliza, "Wifi, jina kama hilo unalipokeaje?" Akanijibu, "Ningelea simba wangeniita Mama Simba na kunipisha njiani. Mimi nimepewa panya, nifanyeje?" Ndivyo alivyokuwa mke wa mdogo wangu: mwembamba, mcheshi, kicheko chake kilianzia mabegani kabla hakijafika mdomoni.

Kazi yake ilikuwa maabara, kwenye jengo la nyuma la chuo, lile lisilo na dirisha hata moja upande wa barabara. Huko kulikuwa na chumba kirefu cha panya weupe wenye macho mekundu, wamepangwa katika vizimba vya plastiki, rafu juu ya rafu. Wifi alisugua vizimba, akabadilisha maranda ya mbao wanayolalia, akajaza chupa za maji. Wasiojua, wakimwona anapita na koti lake jeupe, walidhani ni daktari. Na mdogo wangu aliwaacha wadhani. "Mke wangu yuko maabara," anasema, kisha ananyamaza, anaiacha sentensi ining'inie pale kama suti kwenye dirisha la duka.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa kushika. Panya akitaka kuchomwa sindano lazima awepo wa kumshika: kidole gumba na cha shahada nyuma ya mabega, mgongo umelala kiganjani, tumbo juu. Ukilegeza anakung'ata, ukibana anakufia mkononi. Wifi alikuwa fundi wa hilo, na Profesa, bwana mkubwa wa chumba kile, hakutaka mkono wa mtu mwingine. Wifi alijua vilevile kwamba asiyeweza kushika hana kazi. Mama aliyemtangulia kazini, alipoanza kutetemeka, aliambiwa akapumzike nyumbani. Anapumzika mpaka leo.

Basi vidole vya wifi vikaanza kuvimba. Kwanza viungo vya mkono wa kulia, kisha wa kushoto, vikawa kama mizizi ya tangawizi. Asubuhi haviwezi kufunga kifungo. Aliviloweka kwenye maji ya moto kabla ya kutoka, akavaa glavu akiwa bado getini ili asionekane. Nikamwambia, "Wifi, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo kiko mbali, wifi. Profesa yuko mlango wa pili."

Wakati huohuo maabara wakaleta majaribio mapya: sumu ya nyuki. Walitaka kujua inafanya nini ndani ya mwili, kwenye misuli, kwenye ini, kwenye figo, na kama kweli inatuliza viungo vilivyovimba. Kwanza waliwachoma panya wote dawa ya kuvimbisha miguu. Kisha wakawagawa makundi matatu, wakawapaka mikia kwa kalamu ya rangi: kijani, bluu na nyekundu. Kila siku ya sindano wifi anashika, Profesa anachoma. Mabomba yote ya sindano yamejazwa mpaka mstari uleule, maji yote ni meupe. Nani amepewa nini, wifi hakuambiwa.

Hakuambiwa kwa makusudi. Profesa alisema anayelisha asijue, maana akijua atawahurumia wengine kuliko wengine, na akiwahurumia ataharibu kazi. Ndio utaratibu wao. Tena kulikuwa na mlango. Upande huu panya wazima na wifi. Upande ule, meza ya kupasulia na fundi wa hadubini, bwana mmoja mpole mwenye miwani, aliyekata nyama za panya nyembamba kuliko ganda la kitunguu, akazitia rangi na kuzibandika kwenye vioo. Wifi aliwafikisha panya mlangoni, akageuka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka.

Kwa hiyo aliona alichokiona. Wa kijani walikula vizuri, ila miguu ilibaki na uvimbe. Wa bluu miguu ilinywea, wakawa wanaparamia kuta za vizimba kama watoto waliofungiwa ndani. Wa mkia mwekundu walijikunyata pembeni, manyoya yamesimama, hawali, na maranda yao yakaingia rangi ya kahawia iliyokaribia wekundu. Alimwonyesha Profesa. Akaambiwa, "Badilisha tu, mama."

Sasa wifi hakuwa mjinga. Alisikia wakisema kundi moja halipewi sumu, linachomwa maji ya chumvi tu. Akakaa, akalinganisha. Wa kijani wanakula ingawa miguu imevimba, nafuu nusu hiyo, basi hao wamepewa kidogo. Wa bluu wamepona, basi hao wamepewa nyingi. Na hawa wekundu wanaokufa kwa kunyimwa, masikini ya Mungu, ndio wa maji ya chumvi. Nani angemlaumu? Kwetu sisi aliyepewa dawa hupona, aliyenyimwa hufa. Hesabu ya kila nyumba ni hiyo.

Alirudi nyumbani siku hiyo mabega yanacheka yenyewe. "Wifi! Dawa ya mikono yangu nimeishika kwa mikono yangu!"

Na hapo ndipo aingiapo mdogo wangu. Tumelala tumbo moja, lakini ukweli nitausema: ni mtu wa kuanza. Alianza kuku, akaanza kutengeneza redio, akaanza kuuza viatu vya mguu mmoja mmoja kwa sababu vya pili vilipotelea stendi. Kipindi kile alikuwa ameanza nyuki. Alikuwa na mizinga kwenye kichaka nyuma ya kiwanda kilichofungwa, na asali yake, kusema kweli, ilikuwa na masizi kuliko utamu. Alikwisha kusikia watu wanachomwa nyuki kwa ajili ya viungo, lakini nani angemkubali? Sasa mkewe kaja na ushahidi wa maabara.

"Panya wa chuo, dada! Si maneno ya vijiweni. Panya wa chuo wamepona!"

"Na wewe ni mganga wa panya tangu lini?"

"Dada, ulimi wako huo ndio unaokufukuzia waume."

"Mmoja nilimfukuza mwenyewe, na huo ulimi ulinisaidia sana."

Akaanza. Nyuki alikuja nao kwenye chupa ya mdomo mpana yenye kitambaa juu. Anamtoa mmoja kwa kibano, anamkandamiza juu ya kiungo cha kidole mpaka anachoma, mwiba unabaki ukitikisika wenyewe kwenye ngozi. Wifi alifumba macho, machozi yakimtoka, lakini hakuvuta mkono. Yeye alizoea kushika walio katika maumivu; sasa alijishika mwenyewe.

Na vidole vikanywea. Siwezi kusema uongo, nilikuwapo. Alifungua kifuniko cha mtungi wa maji mbele yangu, akanirushia. Alifunga vifungo vyake vyote mpaka cha shingoni, hata kama joto lilikuwa la kuua. Majirani wakaona. Mwenye goti akaja, mwenye kiuno akaja, wakapanga foleni kwenye kibaraza cha mdogo wangu kama wanagawiwa sukari, na yeye akapata jina: Daktari wa Nyuki. Yeye akamwambia kila mmoja, "Hii ni dawa ya maabara. Mwulize mke wangu." Wakimwuliza, wifi anasema kweli yake: "Nimewaona kwa macho yangu, wa bluu wamepona."

Ila mikono ilipopata baridi ya maji ya kusugulia, ilirudi kuvimba. Wifi akamwambia mumewe, "Ongeza. Wale wa bluu walipewa nyingi."

Akaongeza. Nyuki wa mikononi, kisha wa mabegani, kisha wa mgongoni, kwa sababu mdogo wangu alisema ugonjwa lazima ukatwe kwenye mzizi, na mzizi wa mkono ni mgongo. Nani alimfundisha, sijui. Juma lile Profesa alisema kuna kundi jipya la panya, kuna kushika kwingi, na wifi alitaka kuingia na mikono mizima. Basi Jumapili mchana mdogo wangu akamwinamisha kwenye kiti na kuimaliza chupa nzima.

Jioni yake wifi alitapika. Kesho yake hakuweza kunyanyua mguu. Alisema nyama zote zinauma kama zimetwangwa. Nilimpeleka chooni namkokota. Alikaa mle ndani muda mrefu mno, nikagonga mlango.

"Wifi, umefanya nini huko?"

Akafungua. Uso umekuwa wa majivu. "Njoo uone mkojo wangu."

Nikaona. Rangi ya chai iliyochemka mpaka ikasahaulika.

"Hiyo ni rangi ya maranda," akasema. "Wifi, mimi ni mwekundu."

Sikumwelewa. Nilimbeba tu.

Hospitali walituambia misuli yake imeyeyuka ikaingia kwenye damu, na uchafu wake umeziba figo. Walimwunganisha kwenye mashine ya kusafisha damu, mipira inaingia na kutoka. Daktari aliuliza amekula nini, amekunywa nini. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale mlangoni, akawa anakagua ubao wa mlango kama fundi seremala. Nilisema mimi. "Amechomwa nyuki. Na aliyemchoma ni huyo."

Siku wifi alipoanza kukaa mwenyewe kitandani, alikuja yule fundi wa hadubini kumjulia hali. Alileta machungwa, akakaa ukingoni mwa stuli, miwani mkononi.

"Pole, mama. Kule chumbani panya wanakosa adabu bila wewe."

Wifi akacheka kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, na mimi dawa haikunitosha, kama mlivyowanyima wale wekundu. Labda ningechomwa zaidi kidogo."

Yule bwana akavaa miwani. "Wekundu? Nani aliwanyima?"

"Si ndio wa maji ya chumvi?"

"Wa maji ya chumvi ni wa kijani, mama. Ndiyo maana miguu yao haikupona, ila wengine wote walikuwa wazima. Wa bluu tuliwapa sumu kidogo sana, tone. Wekundu ndio tuliowajaza."

Mashine ya kitanda cha jirani ikawa inalia peke yake.

"Wakawaje ndani?" wifi akauliza.

Akamweleza, taratibu, kama mtu anayemwaga maji ya moto. Nyuzi za misuli zimekatikakatika. Ini lina mabaka yaliyokufa. Mifereji ya figo imejaa mabonge ya kahawia. Hata wa bluu, alisema, hawakutoka bure. Miguu ilipona, lakini kwenye vioo kulikuwa na alama ndogo ndogo ambazo bado wanabishana.

Wifi akamwuliza, "Profesa amefurahi?"

Akainamisha kichwa. "Matokeo yametoka safi sana."

Mimi hapo nilishindwa. "Na hamkuweza kumwambia mtu anayewashikia?"

"Mama, kama angeuliza tungemwambia jaribio likiisha."

"Angeuliza! Mtu wa maranda anauliza wapi? Aliuliza maranda yana nini, akaambiwa badilisha."

Wifi akanishika mkono kwa vile vidole vyake. "Wifi, mwache. Yeye amekuja. Wengine hawakuja."

Siku wifi aliporuhusiwa kutoka hospitali, daktari alimwonya mbele yetu sote: mwili wako sasa umewachukia nyuki. Hata mmoja tu anaweza kukumaliza. Mikono yake ikakunjamana kuliko zamani, kwa sababu dawa za hospitali za viungo, alizopaswa kuanza mapema, figo zake hazikuziweza tena. Kule maabara aliambiwa akapumzike. Alijua maana yake.

Ungedhani mdogo wangu amekoma. Hakukoma. Foleni ya kibarazani ilipungua siku chache, ikarudi. "Yule alizidisha," aliwaambia watu. "Alilazimisha mwenyewe. Dawa haina kosa." Na hapo hakudanganya, wifi alilazimisha, na ndicho kilichomla moyo mwanamke yule. Yeye ndiye aliyewaambia watu kwamba panya wa bluu walipona. Koti lake jeupe ndilo lililoijenga foleni ile.

Alimwomba fundi wa hadubini ruhusa, akamkokota mumewe mpaka upande wa pili wa ule mlango. Niliwafuata. Kioo cha figo ya panya mwekundu kikawekwa, mdogo wangu akainama, jicho moja limefumbwa.

"Unaona?" wifi akamwuliza.

"Naona. Pinki na zambarau. Rangi nzuri kweli, kama kitambaa cha pazia."

"Yale mabonge ndiyo yaliyokuwa ndani yangu."

Akainuka, akajifuta jicho. "Sasa mke wangu, kwani wewe ni panya?"

Walipokuwa wanapona walikuwa ushahidi. Walipokufa wakawa panya.

Kisha ikafika zamu ya mama yetu. Goti lake lilikuwa limevimba, na mama ni mtu wa presha, mwenye moyo unaorukaruka. Aliona jirani wa kiuno anatembea bila fimbo, akasema na yeye mwanawe amtibu. Atazaa daktari halafu alale na goti? Nilipinga, akaniambia mimi napenda ubishi tangu tumboni. Wifi hakumwambia neno. Tangu aolewe, mama hajawahi kukubali neno lake, hata la chumvi imezidi.

Akakalishwa kibarazani, nguo imepandishwa juu ya goti, majirani wamezunguka. Mdogo wangu akafungua chupa, akamtoa nyuki kwa kibano. Wifi alitoka ndani akijishikilia ukuta. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaufunika uvimbe wa goti lile kwa mkono wake uliopinda.

"Toa mkono," mdogo wangu akasema.

"Nitoeje? Haukunjuki."

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza.

"Mkwe," mama akasema, "usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu nitaibeba mimi, mama. Goti ni lako." Akamwinulia macho mumewe. "Choma basi. Si nyuki mmoja tu? Umesikia daktari alivyosema. Choma hapa hapa juu ya mkono wangu, kama ni dawa."

Nyuki anafurukuta kwenye kibano. Mdogo wangu akautazama mkono. Akawatazama watu wa foleni yake, wote wanasubiri. Akautazama mkono tena. Na hapo, ee Mungu wangu, nilimwona anafikiria. Halikuwa jambo la kitambo kirefu, lakini alifikiria. Nilimlea yule, nalijua paji lake la uso linapokunjamana. Alikuwa anapima.

Mama alikuwa karibu naye kuliko mimi. Alikipiga kibano kikaruka uani.

"Umefikiria," akasema. "Nimekuona, unafikiria."

"Mama, nilikuwa nataka tu..."

"Nishushie nguo," mama akamwambia wifi, "niondoke hapa."

Mama na wifi wote wawili walihamia kwangu juma lile. Mdogo wangu naye alihama, akaenda mtaa wa pili ambako hawamjui mkewe, na nasikia kibao chake kimechorwa nyuki mwenye koti jeupe. Watu wanakwenda. Wengine wanarudi wakicheza. Kama kuna waliokojoa chai, hao hawaji kunisimulia.

Wifi anakaa mlangoni kwangu, mikono mapajani. Siku za kusafishwa damu nampeleka mimi. Na mama, goti lake likimchoma anapopanda ngazi zangu, anasimama katikati na kulalama mtaa mzima usikie. Hamlaumu mwanawe. Anamlaumu mkwewe.

"Ni wewe uliyeninyima dawa! Wenzangu wanatembea!"

Na wifi anamjibu kutoka pale mlangoni, "Ndiyo, mama. Ni mimi."